Kidole Chini ya Kikombe

Kila mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu alitakiwa kuchagua nadharia moja, aishi nayo wodini wiki nne, kisha asimame kando ya kitanda cha mgonjwa wake na kueleza ilivyomwongoza kumhudumia. Wengi walikimbilia zile nene, zenye majina marefu na michoro ya visanduku na mishale inayozunguka mpaka msomaji anashikwa na kizunguzungu. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye wenzake walimwita Kimya, alichukua iliyobaki ubaoni. Si kwamba aliipenda. Kunyoosha mkono mbele za watu kulimpa homa, na alipopata ujasiri wa kuunyoosha, nyingine zote zilikwisha pata wenyewe.

Ilikuwa nadharia ya kujihudumia. Inasema kila mtu mzima ana kazi ya kujitunza: kula, kuoga, kuvaa, kwenda haja, kutembea, kumeza dawa zake. Ugonjwa unapoingia, nguvu hupungua na kazi hubaki ileile, na katikati hutokea pengo. Muuguzi yupo kwa ajili ya pengo hilo tu, wala si kwa ajili ya kitu kingine. Mkufunzi wao, mwanamume mwembamba aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alipofika hapo aligonga meza kwa kipande cha chaki.

"Ukimlisha mtu anayeweza kujilisha, hujamsaidia. Umemnyang'anya kijiko."

Kimya aliyaandika maneno hayo kwa kalamu nyekundu, lakini hayakumwingia moyoni. Alikulia kwa bibi yake aliyekuwa hajiwezi miguu, na katika nyumba ile mtoto mwema alikuwa yule anayeleta maji kabla ya kuombwa. Mikono yake ilijifunza kutangulia. Mtu akiinama kuokota kitu, Kimya alikuwa amekwisha kiokota.

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda ishirini na nane na wauguzi wawili kwa zamu. Mkuu wake, Sista mwenye umbo kubwa na mwendo mwepesi usiolingana na umbo hilo, aliwapokea wanafunzi mlangoni huku akikunja mikono ya sweta.

"Nadharia ziacheni kwa askari wa getini, mtazichukua mkitoka," alisema. "Hapa ninayo moja. Mgonjwa asianguke, na kilichoandikwa kiwe kilichofanyika."

"Hizo mbili, Sista," alidakia rafiki wa Kimya, msichana aliyeitwa Spika kwa sababu mdomo wake haukuwa na swichi.

"Ahaa, tumepata mtu wa hesabu! Basi nenda kanihesabie mashuka machafu."

Mwanzoni mwa wiki ya pili Kimya alikabidhiwa mgonjwa wa kitanda cha kumi na moja. Alikuwa fundi wa cherehani, mjane wa miaka sitini na moja, na kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kulia. Mguu ulikuwa umeanza kurudi. Kwa fimbo aliweza kwenda chooni na kurudi bila kushikwa. Ulimi nao ulikuwa mzima. Mkono ndio uliokataa. Ulilala mapajani mwake kama kitu alichobebeshwa na mtu aliyesahau kurudi kukichukua.

"Ugonjwa huu una macho," alimwambia Kimya siku ya kwanza. "Umeuacha wa kushoto, ambao miaka yote ulikuwa mvivu, ukamchukua fundi mwenyewe."

Kimya alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka.

"Cheka tu, binti. Humu ndani wote wana nyuso za matanga, na bado hatujafa."

Nadharia ilipofika wodini iligeuka karatasi moja. Fomu hiyo ilikuwa na mistari sita, mmoja kwa kila kazi ya kujitunza, na safu tatu: Mwenyewe, Kwa msaada, Hawezi. Kila siku Kimya alimtazama Fundi akifanya kila kazi, akaweka alama ya vema pale inapostahili, akatia sahihi. Siku tatu za mwanzo vema zake zilikuwa za haki. Mistari ya kutembea na kwenda haja ilisoma Mwenyewe. Minne iliyobaki ilisoma Hawezi.

Siku ya nne, chai ya saa nne ilipoletwa, Fundi aliinua kikombe kwa mkono wa kushoto. Kikombe kilipanda vizuri mpaka kifuani, kikaanza kutetemeka, chai ikaruka ikaloanisha shuka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuza uso haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mwenzake. Macho ya Fundi yalijaa maji, naye akaikodolea dari ili yasishuke.

Aliponyanyua kikombe mara ya pili, kidole cha Kimya kilikuwa chini yake. Kilifika pale chenyewe, kabla yeye hajakituma. Ni kidole kimoja tu, cha shahada, kimegusa kitako cha kikombe. Kikombe kikatulia. Fundi akanywa mpaka mwisho, akapumua, akakiweka mezani kwa kishindo cha mtu aliyemaliza kazi.

"Haya, andika. Mwenyewe."

Kimya alishika kalamu juu ya karatasi.

"Nani kanishika?" Fundi aliuliza. "Umeona mtu kanishika hapa?"

Kwa kweli hakushikwa. Kidole hakishiki. Kimya alijiambia kwamba kidole kimoja hakiwezi kuitwa msaada, kwa kuwa hakina hata uzito wa kijiko, akaweka vema kwenye safu ya kwanza.

Baada ya hapo mambo yalijiendea. Fundi hakutaka nguo za hospitali. Alivaa shati lake la kola, alilolishona mwenyewe, lenye vifungo saba. Vifungo vya chini alivifunga kwa mkono wa kushoto, viwili, siku nyingine vitatu, huku jasho likimtoka kama amepanda mlima. Vilivyosalia Kimya alivifunga kwa kasi ya mwizi, akiwa amesimama ili mgongo wake umzibe asionekane. "Mtu aliyetia vifungo nusu ya mashati ya mji huu," Fundi alinong'ona, "avishwe kama mtoto wa chekechea? Andika, mwanangu." Kwenye kuoga, yeye alijipitishia kitambaa, Kimya akakikamua. Kwenye dawa, Kimya alipasua pakiti. Kupasua si kumeza, alijipa moyo. Kila tendo lilikuwa dogo kiasi kwamba kulikataa kungekuwa ukatili, na kila jioni fomu ilipanda ngazi moja.

Jumanne ya wiki ya nne, daktari alipopita na msafara wake, aliishika fomu ile akaitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Sita kwa sita, wiki nzima. Mzee, Jumamosi unarudi kwako."

"Nilisema mimi!" Fundi alisema, na sauti yake ilisikika mpaka kitanda cha ishirini.

Sista alimtazama Kimya, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi, mwanafunzi." Masikio ya Kimya yakawaka. Katika wiki nne neno hilo Sista alikuwa hajampa mtu yeyote, na Alhamisi ilikuwa siku ya mtihani.

Jumatano, saa ya kuona wagonjwa, alikuja binti yake Fundi. Alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, na unga ulikuwa umebaki kwenye nyusi zake. Alimlisha baba yake chungwa, akamkunjia nguo, kisha akamfuata Kimya kwenye meza ya kupangia dawa.

"Mdogo wangu, nina neno na wewe."

"Karibu, dada."

"Baba hataki kuja kwangu. Nimemtengea chumba, nimempigia magoti, wapi! Mwisho tukakubaliana hivi. Fomu ya wodi ikisema anajiweza, namwacha akae kwake peke yake. Ikisema hajiwezi, chumba cha cherehani nakifunga, anakuja kwangu atake asitake. Amekubali. Na fomu nimeisoma."

"Ndiyo."

"Sasa fomu iweke pembeni. Nakuuliza wewe unayeshinda naye." Aliteremsha sauti. "Kwake kuna birika la chuma, zito, la marehemu mama. Chai bila birika lile haiiti chai. Baba anaweza kuliinua likiwa linachemka?"

Kimya alitupa jicho kitandani. Fundi alikuwa anawatazama. Hakufanya ishara yoyote. Aliketi wima tu, amefunga vifungo vyote saba, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Anaendelea vizuri, dada," Kimya alisema.

Yule mwanamke alishusha pumzi ndefu, akamshika mikono yote miwili. "Mungu akuweke. Umenitua mzigo."

Jioni ile bwenini, kabla ya kengele ya chakula, Kimya alichukua skafu akajifunga mkono wa kulia kiunoni. Akajaza birika la jikoni maji ya bomba, akaliweka mezani, akalinyanyua kwa mkono wa kushoto ili amimine kikombeni. Mkono ulikuwa mzima, wa msichana wa miaka ishirini na mbili. Birika liliinama kabla ya wakati wake, maji yakapita kando ya kikombe, yakamwagika mezani, yakamshukia miguuni.

"Heri maji yenyewe ni ya baridi," alisema Spika akiwa mlangoni na taulo begani. "Umevunjika lini? Au ndiyo mapenzi mapya hayo, mtu anafungwa kamba?"

Kimya hakucheka. Alikaa sakafuni penye maji akaeleza yote: kidole, vifungo, pakiti, birika la chuma. Spika alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka wa kwanza.

"Sawa," alisema mwishowe. "Umeboronga. Lakini kesho usifungue mdomo. Fanya mtihani wako, upate alama zako. Ijumaa andika kwenye fomu kwamba amerudi nyuma. Wagonjwa wanarudi nyuma kila siku. Jumamosi hatatoka, hataungua, na wewe hutarudia wodi. Kila mtu salama."

Lilikuwa shauri zuri, na Kimya alilibeba mpaka mezani, akala nalo. Lilimwia chungu alipokuwa anaosha sahani. Mgonjwa wa kiharusi aliyekuwa anajiweza kwa kila kitu Alhamisi, akawa hajiwezi Ijumaa, huyo hajarudi nyuma. Huyo amepigwa kiharusi cha pili. Daktari angefikiri hivyo, kama ambavyo daktari yeyote angefikiri. Wangemchoma sindano, wangemwongezea dawa za kuyeyusha damu, kwa ugonjwa usiokuwapo. Uongo wa kwanza ulikuwa umempa nguvu asizo nazo. Wa pili ungempa na ugonjwa asio nao.

Alhamisi asubuhi alifika wodini mapema, akiwa amekata shauri kumwambia Fundi kwanza. Alimletea chai ya vuguvugu.

"Leo nywa bila mimi, baba."

"Kuna nini tena?"

"Nataka kuona."

Fundi alimtazama usoni, akaelewa, akakasirika. Alikamata kikombe kwa nguvu, akakipandisha kwa haraka. Chai yote ikamwagikia kifuani, juu ya vifungo.

"Umekijaza mno!"

"Ndivyo kilivyo kila siku."

"Binti," alisema polepole, "mimi na wewe tulikuwa kitu kimoja."

"Nitamwambia mkufunzi leo."

"Utafeli."

"Najua."

"Utafeli wewe, na mimi nitafungiwa chumba changu. Miaka thelathini na minne nimekaa mle. Nilikukosea nini? Nilikuomba kitu kikubwa?"

Hakukuwa na kikubwa. Kimya alichukua kitambaa aanze kumpangusa kifua. Fundi akakipokonya kwa mkono wa kushoto, akajipangusa mwenyewe, huku amempa kisogo.

Saa nne mkufunzi alifika, miwani imekwisha panda puani. Alisimama miguuni mwa kitanda, Sista akasimama kando yake na mikono kifuani. Kwa sheria ya chuo, mkuu wa wodi alikuwa mtahini wa pili. Kimya alianza. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. Alieleza kiini cha nadharia, akaeleza pengo, akataja historia ya mgonjwa, hali ya mguu, hali ya mkono. Mkufunzi alitikisa kichwa kukubali mara nne. Alipenda wanafunzi wasiomwaga maneno.

"Vizuri sana. Sasa nipe ushahidi kwamba mpango wako umefanya kazi. Pengo limezibika?"

Fomu ilikuwa mkononi mwake. Ilitosha kuinyoosha tu.

"Sijui," Kimya alisema.

"Hujui? Si hiyo hapo, vema sita."

"Fomu si ya kweli, mwalimu. Tangu siku ya nne."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikoroma ghafla, akijifanya amelala. Sista alishusha mikono.

Mkufunzi aliichukua fomu, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa kwanza. "Kula?"

"Nilikuwa natia kidole chini ya kikombe. Na kijiko namjazia mimi."

"Kuoga?"

"Kitambaa nakamua mimi."

"Kuvaa?"

"Vifungo vinne ni vyangu. Siku nyingine vitano."

"Kwenda haja? Kutembea?"

"Hiyo ni kweli. Zote mbili."

"Dawa?"

"Napasua pakiti, namwekea kiganjani."

Kalamu ilirudi juu, ikasimama pale pale. Mkufunzi hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyehesabu wanafunzi wake safarini akakuta mmoja hayupo. "Kwa nini?"

Kimya alikuwa amejiandaa kwa maswali yote ya kitabuni, na hili halikuwamo. "Nilishindwa kumtazama akishindwa," alisema.

Sista alikwenda ofisini kwake, akarudi na fomu tupu na kiti. Akaketi, kiti kikalalamika.

"Anza upya. Mwalimu ana haraka? Hana. Mimi pia sina."

"Sifanyi," Fundi alisema akiwa amegeukia ukuta. "Mimi si mnyama wa maonyesho."

"Mzee wangu, usipofanya naandika Hawezi mistari yote sita, na leo hii unaanza kupewa chombo cha haja kitandani. Chagua."

Fundi akageuka, akajivua lile shati lenye chai, akadai safi. Kimya alimpa, akarudi nyuma hatua mbili. Kifungo cha chini kabisa kilichukua dakika tatu. Cha pili dakika mbili. Cha tatu kiliingia, kikatoka, kikaingia. Cha nne kilimshinda mara kumi na moja, na kila mara mikono ya Kimya ilicheza, naye akaibana kwapani. Mara ya kumi na mbili kiliingia. Vitatu vya juu Fundi alivijaribu, akaviacha mwenyewe. Jumla dakika kumi na tisa. Sista alikuwa ametazama saa ya ukutani muda wote bila kusema hata neno la kumtia moyo.

Ikafika zamu ya chai. Kimya aliweka kikombe mezani. Fundi hakukigusa.

"Kitamwagika," alisema, na hapakuwa na hasira tena katika sauti yake.

"Nani aliyewaambia kikombe lazima kijae?" Sista alinyoosha mkono, akarudisha nusu ya chai kwenye jagi. "Haya."

Kikombe kilipanda. Kilitetemeka kifuani, mahali palepale pa kila siku, chai ikayumba ndani, ikapiga ukingo bila kuupita. Fundi akanywa, akakishusha. Shuka lilibaki kavu. Kimya alilitazama shuka lile kuliko alivyomtazama mgonjwa. Kwa wiki mbili alikuwa ametoa kidole chake kila siku, na kwa sababu ya kidole hicho hakuna aliyepata nafasi ya kufikiria nusu kikombe.

Fomu mpya ilikuwa na vema mbili kwenye safu ya kwanza, tatu kwenye ya pili, na moja kwenye ya tatu: pakiti za dawa ziligoma kabisa. Mkufunzi alitia sahihi, Sista akatia yake.

"Nadharia umeieleza vyema kuliko wote niliowasikia wiki hii," mkufunzi alimwambia Kimya kwenye korido. "Lakini siwezi kumpitisha mtu aliyejaza fomu ya uongo. Unarudia wiki nne. Wodi hii hii, Sista huyu huyu." Alivua miwani. "Na binti wa mgonjwa nimesikia alikuwa anaitegemea fomu hiyo. Atakuja leo?"

"Saa ya kuona wagonjwa."

"Basi wewe ndiye utakayemwambia. Mimi sitakusaidia."

Alimwambia, palepale kwenye meza ya kupangia dawa. Yule mwanamke alisikiliza huku akijipangusa unga kwenye nyusi, akajipangusa tena mahali ambapo unga ulikwisha toka.

"Jana nilikuuliza kwa mdomo wangu," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Ningemwacha na birika lile, niende zangu kazini."

"Ndiyo."

Yule mwanamke akamwacha hapo, akaenda kuketi na baba yake, na kwa siku nyingi baadaye salamu yake kwa Kimya ilikuwa ya kutikisa kichwa tu.

Jumamosi Fundi hakutoka. Jumatatu wanafunzi wengine walihamia wodi ya watoto. Spika alipita kumuaga akamwachia pakiti ya biskuti na maneno mengi. Kimya akabaki na vitanda ishirini na nane. Fundi alifanya kila alichoambiwa, kwa wakati alioambiwa, bila kumsemesha. Alipomaliza jambo alitazama dirishani mpaka Kimya amalize kuandika. Kwa siku tano fomu zake zilikuwa safi, na hapakuwa na raha yoyote katika kuzijaza.

Siku ya sita, Kimya akiwa anaandika, Fundi alisema bila kuacha dirisha, "Ongeza. Birika: hawezi."

"Fomu haiulizi birika, baba."

"Mimi ndiye nakaa nalo, au fomu?"

Kimya aligeuza karatasi, akaandika nyuma yake.

"Vifungo vya juu: hawezi. Sasa weka: shati la kuvalia kichwani, lisilo na kifungo, shingo pana. Hilo mwenyewe. Nikipata wa kunikatia kitambaa, nitamwonyesha pa kukata. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Mkasi: hawezi." Hapo alisita kidogo. "Mkasi, andika: bado. Kuna safu ya bado?"

"Hakuna."

"Basi andika hawezi."

Orodha ilichukua siku tatu na kurasa mbili. Fundi aliikagua kama alivyokuwa akikagua kazi ya mtu mwingine, akitafuta mshono uliopinda. Pale Kimya alipoandika kwa huruma alimfanya afute. Pale alipoandika kwa woga pia alimfanya afute, na mara mbili alidai kujaribiwa palepale. Mara moja alishinda, mara moja akashindwa. Binti yake alipokuja aliisoma orodha yote akiwa amesimama, akairudia akiwa ameketi.

"Birika nalichukua mimi leo hii," alisema. "Kila nikitoka kazini nitapita nikujazie chupa ya chai. Dawa nitakupasulia za siku nzima, niziweke kwenye kisahani. Kuoga, nitakuwapo nje ya mlango."

"Chukua birika," Fundi alisema. "Cherehani iache."

"Nani amesema cherehani?"

"Hujasema. Nakuwahi."

Walibishana juu ya kufuli la mlango, juu ya siku za kulala huko na siku za kulala huku, juu ya jirani gani apewe ufunguo. Hawakumwuliza Kimya kitu. Aliendelea kupanga dawa, akisikia baba na mwana wakigawana yale ambayo yeye alikuwa amejaribu kuyafunika.

Fundi alitoka katikati ya wiki ya tatu ya marudio, baada ya chai ya asubuhi. Alivaa shati la kuvalia kichwani, geni, la rangi ya majivu. Aliaga wodi nzima kwa kelele, akamwambia mgonjwa wa kitanda cha jirani ajifunze kukoroma vizuri kabla ya kudanganya watu, akampa Sista mkono wa kushoto. Kisha akatembea kwa fimbo yake kwenye korido ndefu, Kimya hatua moja nyuma, binti yake mbele na mfuko wa nguo, akifungua milango.

Mlango mkubwa wa nje ulikuwa na vidato vinne vya zege, bila reli ya kushikia. Binti yake aliviteremka, akaendelea kuelekea gari bila kugeuka. Fundi akasimama ukingoni. Wiki zote hizo alikuwa ametembea juu ya sakafu ya wodi, iliyo tambarare. Aliteremsha ncha ya fimbo kwenye kidato cha kwanza, akairudisha. Watu waliokuwa wanapanda walimpisha. Kimya aliona sikio la Fundi na upande wa shavu, hakuona zaidi. Hakusogea.

"Binti," Fundi alisema, akiwa bado anatazama chini. "Hapa nishike."

Kimya alimshika kiwiko cha mkono mgonjwa. Waliteremka vidato vinne, mguu mzima ukipumzika kuungojea mwingine, na kwenye kile cha mwisho uzito wake wote ulimwangukia Kimya kwa kitambo kifupi kisha ukaondoka. Chini, Fundi alijitoa mkononi mwake taratibu, akaweka shati sawa.

"Haya. Kafanye kazi," alisema, akaenda zake kwenye gari.

Kimya alirudi juu. Faili la kitanda cha kumi na moja lilikuwa bado mezani, halijapelekwa masijala, na fomu ya siku ile ilikuwa juu kabisa, mistari yote sita imejazwa. Haikuwa na mstari wa vidato. Alichukua rula, akauchora chini ya ile sita, akauandika Vidato, akaweka vema kwenye safu ya katikati, Kwa msaada, akaandika saa nne na dakika ishirini, akatia sahihi.